Kipa Bora, Wodi ya Figo

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
saa kumi na mbili na nusu, Leicester bado giza,
mvua inakwaruza kioo kama paka aliyefungiwa nje.
Tunapimwa uzito, tunachomwa sindano mbili mbili,
damu inatoka kwenda kutembea
na sisi tunaanza pale tulipoachia:

kipa bora wa zamani ni nani?

Derek Oldershaw, kiti cha dirishani, hasikii la mtu.
Ni Banks. Alidaka hapa hapa, kabla hawajamuuza,
baba alinibeba mabegani nikamwona.
Na ule mpira wa kichwa kule Meksiko, mwaka sabini,
ulioanza kuwa goli
halafu ukabadili nia.

Jayantilal anacheka mpaka mrija unatikisika.
Yeye ni Yashin tu, tangu Jinja.
Alimwona kwenye gazeti lililofungia dengu:
kavaa nyeusi gubigubi, mikono mirefu kama deni.
Walipopewa siku tisini za kuondoka
picha ilibaki kwenye droo ya duka.
Nadhani, anasema, bado inadaka huko.

Na wewe, Mtabora?
(Kashindye, jina langu, linawashinda.)

Nasema: Nane.
Nani?
Nane. Kipa wa timu ya reli.
Behewa lilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto,
akabaki na vinane, na jina.
Mpira wa kushoto hakuudaka, aliubembeleza
hadi kifuani, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake.
Siku moja walipewa penalti tatu dhidi yake.
Mbili alizipangua.
Ya tatu aliiacha ipite, maana mpigaji
alikuwa shemeji, na mahari haijamalizika.

Ushahidi? anauliza Derek. Kuna filamu?

Hakuna. Wala gazeti, wala picha.
Kuna mimi, miaka tisa, nyuma ya goli,
mwokota mipira.

Kimya. Mashine zinanong'ona.
Kisha Derek, macho kwenye dari:
Mimi nilikuwa kipa. Kiwanda cha viatu,
Jumapili asubuhi. Siku moja nilifungwa tisa.

Hakuna aliyecheka.

Watu wanahesabu ulizozuia, akasema,
hawahesabu kule kugeuka.
Mara tisa unawapa wenzako mgongo,
unainama, unauchomoa mpira wavuni,
unaurusha katikati
kama vile hujui ulikotoka.

Akautazama mkono wake,
mshipa umetuna chini ya ngozi kama kamba ya turubai.
Kura yangu, akasema, mpeni huyo wa vidole vinane.

Jayantilal alipinga kwa Kiswahili,
ili matusi yakae vizuri mdomoni.

Alhamisi, kiti cha dirishani kina shuka jipya.
Tunamuuliza Sista Lijimol.
Anabandika utepe mkononi mwangu
taratibu kuliko siku zote.
Siruhusiwi kusema. Mnajua.

Inaweza kuwa simu ya usiku wa manane:
figo imepatikana, njoo.
Inaweza kuwa simu ile nyingine.
Uso wa Sista ni wa kipa mbele ya penalti,
hauegemei kushoto, hauegemei kulia.

Jayantilal anakohoa.
Basi tupige kura upya, tumebaki wawili.
Watatu, nasema.
Derek hajatolewa mchezoni.
Kwa hiyo Banks?
Nane. Ulisikia mwenyewe.
Mbili kwa moja.

Mashine yake inalia king'ora, Sista anakimbia,
kumbe ni mrija tu umejikunja.
Refa kapuliza, namwambia.
Hajakubali. Anasema Jumamosi atakuja na hoja
ambayo hata Tabora nzima haitaijibu.

Jumamosi nitawahi.
Nitaweka koti langu kwenye kile kiti.